Fishi ya kupima ukuaji wa watoto wa gardieni: inampima mtoto ao inapima Kifaransa chake?

#1 Mwalimu_wa_Wadogo (Goma)
Jambo yenu wote. Nafundisha gardieni, shule ya watoto wadogo kabla ya primaire, hapa Katindo, mwaka wa pili, watoto wa miaka minne. Niko nao 41 kwenye chumba kimoja.

Mwezi uliopita Direkta alituletea fishi, karatasi ya maswali ya kupima ukuaji. Kila mtoto maswali 30, na kwa kila swali unaweka "ndiyo", "mara moja moja" ao "bado". Yote kwa Kifaransa. Tulipewa siku tatu za kuzijaza.

Nina mvulana, nitamwita Bahati, si jina lake. Kwenye kukimbia, kuruka na kupanda mawe ya volkano ya uwanja wetu hakuna anayemfikia. Lakini kwenye kusema, na kwenye kile wanachoita "kutatua matatizo", alama zake ziko chini kabisa. Direkta ameandika "retardé", yaani mzito wa akili, juu ya fishi yake kwa biki nyekundu, na anataka Bahati arudi mwaka wa kwanza akae na wa miaka mitatu.

Wazazi wake ni watu wa Masisi. Nyumbani ni Kihunde. Kiswahili alianza kukisikia Bulengo, kwenye kambi ya waliokimbia vita, na Kifaransa amekisikia kwangu tangu Septemba. Lakini sitaki pia kujidanganya, maana kuna siku namuita kwa Kiswahili, jina lake tu, na haitiki.

Fishi imempima nini sasa? Na nyinyi kwenu mnaitumia namna gani? Direkta anataka jibu langu Ijumaa.

#2 Kijana_Majengo (Goma)
Imepima Kifaransa. Mi nilianza shule sijui hata kuitika "présent" wakati wa kuita majina, nikawekwa kwa absents, wasiofika, wiki nzima na niko nimekaa hapo. Leo niko na diplome d'État, ile ya kumaliza sekondari. Mwache mtoto.

#3 Mama_Himbi (Goma)
Kijana, usifunge uzi mapema hivyo.

Binti yangu alifika miaka mitatu na nusu na maneno kama kumi tu. Kwetu baba yake ni Mnande, mimi nasema Kiswahili, dada wa kazi alikuwa anasema naye Kinyarwanda, na shuleni Kifaransa. Kila mtu alinipa jibu lako: ni lugha nyingi, atasema tu. Mama mkwe akaongeza kwamba baba mtu naye alichelewa. Nilikaa mwaka mzima na maneno hayo. Ni mwalimu wake wa gardieni aliyeniambia, "Mama, huyu akiwa ananipa mgongo hageuki." Kumbe kulikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Alitibiwa, na ndani ya miezi michache nyumba ilijaa kelele.

Mwalimu, hilo neno lako la mwisho, kwamba haitiki hata jina lake, mimi limenishika.

#4 Nesi_Ndosho (Goma)
Jambo mwalimu. Kwa namna unavyoieleza, maswali 30 na majibu matatu, hiyo inafanana na ASQ, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Ziko fishi 21, kila moja na umri wake, kuanzia mwezi 1 hadi miezi 66. Sehemu ni tano: kusema, viungo vikubwa, mikono na vidole, kutatua matatizo, na kuishi na watu. Kila sehemu ina maswali 6. "Ndiyo" ni 10, "mara moja moja" ni 5, "bado" ni 0. Kila sehemu inaishia 60 na ina mstari wake: aliye chini ya mstari ndiye wa kuangaliwa zaidi. Hazijumlishwi pamoja kama pointi za bulletin, ile karatasi ya matokeo ya shule. Kama Direkta amejumlisha, hapo tayari ameharibu.

Majibu ya fishi ni matatu tu: yuko sawa, mpe mazoezi umpime tena, apelekwe akapimwe kwa kina. "Retardé" haimo.

Watu wengi wanachanganya kuchekecha na kupima. Ukichekecha unga wa mihogo, kinachobaki juu ya chekeche si lazima kiwe jiwe. Kuna vipande vizuri kabisa vya muhogo vilivyokosa kutwangwa vizuri. Unaviangalia kwa mkono, kimoja kimoja. Na kuna mchanga mwembamba uliopita chini na hukuuona. Fishi ni chekeche. Kazi ya mkono bado haijafanyika kwa Bahati.

Tena fishi hiyo ilitengenezwa ijazwe na mzazi ao mtu anayeishi na mtoto, maana ndiye anajua kama anajivika, kama anasimulia aliyoyaona sokoni. Mwalimu mmoja na watoto 41 kwa siku tatu, hiyo ni kubahatisha. Sikulaumu wewe.

Maswali mawili: tarehe yake ya kuzaliwa ni ya hakika? Na alijaziwa fishi ya miezi mingapi? Mtoto wa miezi 44 akijaziwa fishi ya miezi 54 ataonekana mzito bila kosa lake.

#5 Mzee_Bagira (Bukavu)
Nilifundisha miaka 34. Nesi amegusa penyewe, umri. Zamani zetu mtoto alipoletwa shule hakuna aliyeuliza cheti cha kuzaliwa. Alipitishwa mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilishika, anaingia. Asipolishika, arudi mwakani. Nilirudishwa mara moja mimi mwenyewe, na mdogo wangu akaingia mbele yangu kwa sababu alikuwa na mikono mirefu. Tuliamini kabisa kwamba tunapima akili.

Watoto wa kambi wengi tarehe yao imeandikwa na mtu wa karani mchana wa jua kali, kwa kukisia. Anzeni hapo.

#6 Mtafiti_Njiani (Lubumbashi)
Nasoma saikolojia hapa L'shi, naomba niongeze.

Hizi fishi si mpya. Ile ya Denver ilitoka 1967 huko Colorado. Tatizo ni kwamba zilipimwa kwa watoto wa kwao. Kwa ASQ ya asili ya miezi 48, kuna swali linalouliza kama mtoto anatumia viishio vya maneno, kama vile Kiingereza kinavyobadilisha mwisho wa neno kuonyesha wingi ao wakati uliopita. Sasa Kihunde na Kiswahili mabadiliko yetu yako mbele ya neno: mtoto, watoto, anacheza, alicheza. Anayetafsiri neno kwa neno anamuuliza mtoto kitu kisichokuwepo katika lugha yake.

Na tazameni hiyo sehemu ya "kutatua matatizo". Ndani yake kuna kutaja rangi, kurudia tarakimu ulizotajiwa, kuonyesha duara dogo kuliko yote. Ukiuliza kwa Kifaransa, mtoto asiyejua Kifaransa anaanguka mara mbili, kwenye kusema na huku tena. Alama mbili za chini zinaweza kuwa tatizo moja tu limehesabiwa mara mbili.

Malawi wao walikataa njia ya kutafsiri. Walitengeneza chao, MDAT, kilichotangazwa 2010: vitu 136 katika sehemu nne, kwa watoto mpaka miaka sita, na vifaa ambavyo mtoto wa kijijini anavijua. Pia UNICEF wana fishi ya maswali 20 tu, miezi 24 hadi 59, bure. Mwalimu achukue hiyo amjazie Bahati, amalize.

#7 BabaBatatu_Kadutu (Bukavu)
Mimi nasema kwa uchungu. Mwanangu wa pili alijaziwa fishi ya namna hiyo kwenye shule moja ya hapa, akiwa na miaka mitano. Hatukuitwa, hatukuulizwa neno. Tuliona tu amehamishiwa benchi ya nyuma na wenzake watatu, na hao wanne walikuwa wanapewa kazi ya kupaka rangi tu wakati wengine wanasoma herufi. Mtoto mwenyewe ndiye alituambia: "Baba, sisi ni benye habajue", yaani wasiojua. Miaka mitano, na ameshajifunza hilo.

Nilimtoa. Sasa iko mwaka wa tano primaire na anasoma vizuri. Alikuwa mwenye haya, basi. Lakini mpaka leo, ukimuita mbele ya watu anatazama chini. Sitaki kusikia habari ya fishi.

#8 Nesi_Ndosho (Goma)
Pole sana Baba. Kujaza fishi ya mtoto bila mzazi kujua, hilo ni kosa hata kwa wale walioitengeneza.

Mtafiti, #6 yako nimeipenda lakini mwisho umeteleza. Maswali 20 ya UNICEF, ECDI2030, ni ya kuhesabu nchi: watoto wangapi kati ya mia wanakua vizuri. Haikutengenezwa kumhukumu mtoto mmoja. Ni kama kupima mvua ya Goma nzima halafu useme ndoo ya jirani ina lita ngapi. Na wengi wanaichanganya na fishi nyingine yenye maswali 20 pia, M-CHAT-R, inayotafuta dalili za otizimu. Hiyo ni ya miezi 16 hadi 30. Bahati amepita umri wake.

#9 Mtafiti_Njiani (Lubumbashi)
Nakubali, nimekosea. Aksanti Nesi. Mwalimu, usiitumie.

#10 Shangazi_Birere (Goma)
Mnasema lugha, masikio, tarehe. Hakuna aliyeuliza huyu mtoto anakula nini. Miaka miwili Bulengo! Wakati ubongo unajengwa, tumbo lilikuwa tupu. Sisi wa Kivu tunajua bwaki, ugonjwa wa kukosa chakula kizuri: mtoto anavimba miguu, nywele zinakuwa nyekundu, na jambo la kwanza unaloliona si miguu, ni kwamba ameacha kucheza. Anakaa tu. Mpe uji wa sosoma, ule unga wa soya, mtama na mahindi, asubuhi kabla ya darasa, na kijiko cha mafuta ndani, miezi mitatu. Halafu umpime.

#11 Kijana_Majengo (Goma)
Shangazi, ule uzi wa pikipiki zisizowaka asubuhi nao uliumaliza na sosoma. 😀

#12 Shangazi_Birere (Goma)
Na wewe bado hujaoa kwa sababu hunywi uji. Lakini niache, nasema kweli juu ya huyo mtoto.

#13 Kine_wa_Ziwa (Bukavu)
Mimi ni kine, mtu wa kunyoosha viungo, kazi yangu ni watoto wenye viungo vizito. Baba wa Kadutu, uchungu wako nauelewa, lakini niwape upande wa pili.

Niliwahi kuletewa msichana wa miaka mitatu, kutoka huku Panzi. Hakulia alipozaliwa. Miezi sita hakai, miezi kumi hakai. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa madirisha: kukaa bila kushikwa ni kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutembea peke yake ni kati ya 8.2 na 17.6. Angalieni ukubwa wa hilo dirisha la pili. Wa miezi tisa anayetembea na wa miezi kumi na saba asiyetembea, wote wako ndani. Kwa hiyo jirani akikutisha mwanao wa mwaka mmoja hatembei, mwambie atulie. Lakini wa miezi kumi asiyekaa yuko nje ya dirisha, na kila mwezi mama alipeleka mtoto kilo, akapimwa uzito, akachomwa chanjo, na hakuna aliyeuliza swali moja: "Anakaa?" Alipofika kwangu vidole vilikuwa vimeshajikunja, na mguu wa kulia hauteremki kisigino. Tungekuwa tumeanza akiwa na miezi kumi.

Huyo mtoto alikosa fishi. Wa Baba alidhuriwa na fishi. Vyote viwili ni kweli.

Mwalimu, kwa kusikia: simama nyuma yake, mbali kama mkono mmoja, ziba mdomo kwa karatasi ili asisome midomo, na mnong'oneze kitu anachokipenda. Kulia, halafu kushoto. Fanya kwa siku mbili tofauti, na mara moja fanya akiwa hana mafua. Si kipimo cha daktari, lakini utajua cha kumwambia daktari. Muulize mama kama alipata manjano alipozaliwa, malaria kali, ugonjwa wa uti wa mgongo, sindano nyingi za gentamicine. Hayo yote yanaweza kula masikio.

#14 Mama_Kamalondo (Lubumbashi)
Jambo yenu ba Goma na ba Bukavu. Mi niko mwalimu wa gardieni miaka kumi na mbili, na niko na batoto 48 mu kalasi. Fishi ile tulipewa pia. Niliwaza: nikimuita mutoto ku meza, namuuliza maswali kama polisi, atanyamaza hata kama anajua yote.

Njo nikaanza kupima mu michezo. Kila wiki nachagua batoto batano, na nakuwa na kaye moja, daftari. Mu saa ya kucheza nawapa mawe madogo: nani anapanga moja moja, nani anahesabu, nani anagawa na mwenzake. Nawapa pagne ya zamani yenye vifungo: nani anafunga. Kijiti na mavumbi: nani anachora musalaba, nani anachora mutu, na mutu ule iko na nini. Makasi hakuna ku nyumba zao, sasa nisimpime na makasi. Nampima na kupasua majani ya matembele vile mama yake anamutuma. Ukimutazama vile anachambua matembele, vidole vyake utavijua vyote.

Naandika tarehe na kile niliona, basi. "Leo alisimulia juu ya mbuzi ya jirani, sentensi tatu, Kibemba na Kiswahili pamoja." Siandike "anaweza" ao "hawezi". Kisha miezi mitatu narudia bale bale. Mutoto mwenye hajaongeza kitu kwa miezi mitatu, njo huyo naita wazazi. Kwa miaka yote hii niliita wazazi labda mara ishirini. Tisa balikuwa na shida ya kweli: masikio, macho, moja kifafa kile cha kutazama tu bila kuanguka, chenye bote tulifikiri ni utundu.

Kaye za miaka yote niko nazo.

#15 Mwalimu_wa_Wadogo (Goma)
Mama Kamalondo, nimesoma mara tatu. Batano kila wiki, hiyo naweza.

Nesi: alijaziwa ya miezi 54, darasa zima tulijaza hiyo moja. Mama anasema alizaliwa "wakati wa kupanda maharagwe, mwaka uliofuata ule mwaka volkano ilitoka". Volkano ilitoka Mei 2021. Sasa kupanda maharagwe ya mwaka 2022, msimu wa Septemba ao wa Februari? Miezi sita au saba ya tofauti.

#16 Mzee_Bagira (Bukavu)
Muulize bibi. Bibi anajua hata mvua ilinyesha saa ngapi siku hiyo.

#17 Mama_Kamalondo (Lubumbashi)
Nilisahau. Huku kwetu kuna jambo lingine, vumbi. Mu 1911 balianza kuyeyusha shaba hapa mujini, na batoto banacheza mu mavumbi ile. Ba daktari banasema risasi, ile madini, si ya bunduki, inaingia mu damu na inaharibu akili ya mutoto pole pole. Ku Goma muko nayo?

#18 Mtafiti_Njiani (Lubumbashi)
Mama ana haki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita. Lakini risasi haimfanyi mtoto akimbie vizuri halafu akose kusema tu. Kwa Bahati sioni.

#19 Mzee_Bagira (Bukavu)
Kama tumefika kwenye madini, sisi wa ziwa tuna habari yetu. Kisiwa cha Idjwi, miaka ya 1960 na 1970, kilijulikana kwa madaktari wa mbali kwa sababu ya rovu, goita. Walikuta watoto wafupi, wazito wa kusema. Sababu ilikuwa kukosa ayodini, na mihogo isiyolowekwa vizuri ikaongeza. Watu wa pale walikuwa wanasema ni laana ya familia fulani. Dawa ilikuwa ayodini, na leo tunaipata kwenye chumvi. Mwalimu, nyumbani kwao wanakula chumvi gani? Ya mfuko ao ile ya kupima kwa kopo sokoni?

#20 Kijana_Majengo (Goma)
Lugha, masikio, tarehe, njaa, vumbi, chumvi. Tukiendelea hivi Bahati atakuwa na magonjwa yote ya Congo kabla ya Ijumaa. Jamani, mtoto anaimba? Anacheka na wenzake? Hilo hakuna aliyeuliza.

#21 Mama_Himbi (Goma)
Umeuliza vizuri leo. Niongeze la mpwa wangu. Walikimbia usiku kutoka Sake, akiwa na miaka mitatu na anasema sana. Walipofika hapa aliacha. Miezi minne kimya kwa watu wote, ila chini ya blanketi alikuwa anamsemea mdogo wake. Masikio yalikuwa mazima, chakula kilikuwepo. Fishi ya siku ile ingemwandika nini? Alirudi polepole, kwa nyimbo kwanza, maneno baadaye.

#22 BabaBatatu_Kadutu (Bukavu)
Nimesoma yote na nimepoa kidogo. Kine, nimekusikia. Lakini nijibuni hili: fishi inasema "apelekwe". Apelekwe wapi? Na kwa franga ya nani? Nasikia Marekani, programu yao ya Head Start inataka kila mtoto achekechwe ndani ya siku 45 tangu aingie, na nyuma ya fishi kuna watu wa kumpokea. Sisi elimu ya bure iliyotangazwa 2019 ni ya primaire, gardieni bado tunalipa. Ukimwambia mama wa kambi mtoto wako ana shida, halafu humwonyeshi mlango, umempa nini zaidi ya usiku wa kulia?

#23 Kine_wa_Ziwa (Bukavu)
Swali zito. Makine wako kwenye hospitali kubwa, na daktari wa masikio unaweza kumpata Goma na Bukavu. Wa kufundisha kusema, hao ni wachache mno. Lakini mambo mengi hayahitaji mtaalamu: kukaa mbele, kusema naye uso kwa uso, sikio lenye usaha likaushwe na kutibiwa lisiachwe, dawa za minyoo, jina lake kuitwa kwa upole. Mimi ningemwambia mama. Yule wa Panzi aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini hawakuniambia?"

#24 BabaBatatu_Kadutu (Bukavu)
Mimi ningesubiri niwe na mlango kwanza. Hapo hatupatani, na si ubaya.

#25 Mwalimu_wa_Wadogo (Goma)
Nimerudi, ni Jumamosi. Aksanti yenu wote.

Alhamisi bibi yake Bahati alikuja. Tuliketi chini kwenye mkeka, watatu. Nilichukua fishi ya miezi 42, maana bibi alisema ni maharagwe ya Septemba, na aliisema bila kufikiri. Nilikuwa namwambia bibi swali kwa Kiswahili, polepole, na yeye anamuuliza kwa Kihunde, kwa namna yake, akiwa anachambua mchele. Alama za kusema zilitoka 10 zikafika 40. Kutatua matatizo, 15 zikawa 35. Alitaja rangi tatu. Ya nne aliiita kwa jina ambalo hata bibi alicheka, rangi ya ng'ombe wao mmoja wa Masisi. Niliandika "ndiyo".

Tarakimu, alirudia mbili tu, ya tatu hapana. Kusimulia jambo lililopita, hapana, hata kwa Kihunde.

Kisha nilifanya ya Kine. Karatasi mdomoni, nyuma yake, nikanong'ona neno la Kihunde la maziwa alilonifundisha bibi. Upande wa kulia aligeuka mara zote nne. Kushoto hakugeuka hata mara moja. Jana nikarudia, ni vile vile. Bibi ndipo akakumbuka: Bulengo sikio la kushoto lilitoa usaha muda mrefu, likakauka lenyewe, wakashukuru.

Kijana: ndiyo, anaimba. Anacheka sana.

#26 Kijana_Majengo (Goma)
Alama 30 zimepanda kwenye kusema kwa kubadilisha lugha tu. Nilisema #2.

#27 Nesi_Ndosho (Goma)
Umebadilisha lugha, na umri wa fishi, na aliyeuliza, na mahali pa kukaa. Huwezi kujua ni kipi kilichopandisha. Na 40 si 60.

#28 Mama_Himbi (Goma)
Sikio. Mimi sibadiliki. Sikio moja linatosha kumpotezea mtoto nusu ya maneno kwenye chumba cha watoto 41.

#29 Shangazi_Birere (Goma)
Na usaha ule hukauka polepole kwa mtoto asiyekula. Uji, mwalimu. Nitakuletea mwenyewe Jumatatu, kilo mbili, usilipe.

#30 BabaBatatu_Kadutu (Bukavu)
Na Direkta? Na ile biki nyekundu?

#31 Mwalimu_wa_Wadogo (Goma)
Nilimpelekea fishi mbili, ya zamani na ya bibi. Alizitazama muda mrefu. Amekubali Bahati abaki darasani kwangu mpaka aonwe na daktari wa masikio, Jumatano. Nilimwomba ile yenye neno nyekundu niichane, amekataa, imebaki kwenye klaseri, faili lake.

Nimemhamisha Bahati benchi ya mbele, upande wa kushoto wa chumba ukitazama ubao, ili sikio la kulia lielekee kwangu.